Mpira Ndani ya Pipa la Dawa

Restituta ni fundi bomba wa kijiji kimoja cha kata ya Nyakisasa, na ndiye anayefungua kituo cha kuchotea maji kila asubuhi. Mwaka jana, maji yaliporudi baada ya kukatika siku nzima, ndoo ya kwanza ilijaa maji meupe yenye harufu ya dawa ya kupe.

"Mwageni! Asinywe mtu!" aliwaambia akina mama, akafunga valvu kuu. Kisha akapita kwenye nyumba zenye mabomba hadi akafika kwa mzee Shilinde, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Mpira wa bomba lake ulikuwa umezama ndani ya pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Shikamoo, mzee. Maji yalipokatika, bomba lilifyonza dawa yako likatuletea sisi sote."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilidhani maji huenda mbele tu."

"Presha ikishuka, hurudi nyuma."

Mzee alishika kichwa. Wajukuu zake nao hunywa maji ya bomba hilo hilo. Siku hiyo wawili hao walifungulia valvu kuu na mabomba yote, wakamwaga maji mpaka harufu ikaisha. Restituta akamwekea valvu inayopitisha maji upande mmoja, akaukata mpira ubaki ukining'inia shibiri moja juu ya pipa.

Hakuna aliyeugua. Siku hizi Shilinde huwazungukia wafugaji wenzake mwenyewe, akipima kwa shibiri kama mipira yao iko juu ya mapipa, na Restituta anasema kazi yake haijawahi kuwa nyepesi hivi.