Jenerali wa Lango la Hospitali

Saa saba na nusu mchana. Muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na mwanamume mmoja mwenye kikapu cha chakula anapiga kofi lango la chuma la hospitali. "Fungua! Baba yangu yumo humo!" Nyuma yake ndugu zake watano wamefura kwa hasira.

Mlinzi, mama wa miaka arobaini na minne anayeitwa Jenerali na wenzake, hainui sauti. Anatoka kwa mlango mdogo wa pembeni na kusimama naye bega kwa bega.

"Pole, kaka. Mzee ameamkaje?"

Utadhani anajipendekeza. Wapi! Hii ni vita, na mama huyu anaijua.

Miaka sita iliyopita, akiwa mgeni kazini, alimbana mtu mkorofi kwenye kona akamzibia kila upande. Yule bwana akajirusha nje kupitia dirishani, kioo na vyote. Vigae vikamchana mlinzi, akashonwa nyuzi kumi na moja mkononi, akalazwa.

Kitanda cha pili alilala mwalimu mstaafu, bibi mcheshi, aliyemwazima kitabu chakavu cha mbinu za vita za Wachina wa kale. "Nikacheka. Nikamwambia, bibi, mimi nalinda geti, jeshi nitalitoa wapi?" anakumbuka. Humo akakuta kwamba adui aliyezingirwa huachiwa upenyo, kwani asiye na pa kukimbilia hupigana kufa na kupona. "Yaani kosa langu lilijulikana kabla babu wa babu yangu hajazaliwa!"

Tangu hapo, katika wageni karibu mia tatu kwa siku, hambani mtu. "Mwenye hasira usimshinde mbele ya shemeji zake," anasema. "Mpe heshima ya kuondokea."

Lakini leo roho iko juu. Kampuni ya ulinzi, isiyouamini upole wake, ilimpa mwezi mmoja: fujo moja tu, anaondoka, wanakuja walinzi wenye marungu. Leo ndiyo siku ya mwisho, na msimamizi wake amesimama pale pale akitazama.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" mlinzi anamuuliza yule mwanamume. "Basi nisaidie, kaka. Waketishe hawa, wamechoka. Mimi nampelekea nesi chakula cha mzee, nakuletea neno lake."

Mwanamume anashusha pumzi, anamkabidhi chakula. "Jamani, kaeni."

Baada ya dakika kumi mlinzi anarudi. "Amekula vijiko vitatu. Anauliza nani kabaki na kuku wake."

Mwanamume anacheka, kisha machozi yanamtoka mbele ya watu wote.

Msimamizi anakohoa. "Wenye marungu wanakuja vile vile Jumatatu, wanane. Ila wewe unabaki, na utawafundisha wewe."

Ataanzia wapi? "Marungu yote kabatini," anajibu Jenerali. "Nataka kila mmoja aseme pole mpaka anayeambiwa aamini. Siyo mchezo, bwana. Mimi imenichukua miaka sita."