Walivyonituma Nimtoe Mama Wodini

Mtoto alizaliwa mimba haijatimiza hata miezi sita, ngozi yake nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Katika wodi ya watoto wachanga niliyofanyia kazi hapa Moshi, njiti wa umri ule wengi tuliwazika. Huyu alikuwa anapumua kwa mashine. Mama yake, mke wa mkulima wa kahawa kutoka Mwika, aliniuliza kila asubuhi, "Nesi, ameamkaje?" kama anayeulizia mtu mzima.

Nilimwahidi jambo moja: hatutafanya lolote kwa mwanawe bila yeye kuambiwa. Ndivyo nilivyofundishwa na mkuu wetu wa wodi, mama aliyenipokea nikiwa mwanafunzi na kunionyesha jinsi ya kumshika mtoto anayeenea kiganjani. Hata kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa, alikaa meza ya wazazi.

Alasiri moja akaniambia, "Mdogo wangu, mpeleke mama akakamue maziwa. Msiharakishe."

Tukaenda. Siku hiyo maziwa yalitoka vizuri, na yule mama akacheka kwa mara ya kwanza, akasema mwanawe atakuwa mlafi kama babu yake. Tuliporudi, kikombe kikiwa mkononi mwake, mashine ilikuwa imehamishiwa kwa mtoto mwingine, mkubwa kidogo, aliyeletwa mchana ule. Wake alikuwa anavuta pumzi moja moja. Nikamweka kifuani kwa mama yake. Jua lilikuwa halijazama alipotulia.

Mama hakulia. Aliniangalia, akasema, "Ulinitoa makusudi."

Nilimfuata mkuu wa wodi chumba cha dawa.

"Sista, ungeniambia."

"Ungekataa."

"Na mama yake je?"

"Baba aliridhia. Ndiye aliyeomba mkewe asiwepo. Mashine moja, watoto wawili, na yule mwingine ana nafasi ya kuishi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Yule wa pili alipona. Nilimwona akitoka na shangazi zake wakiimba, wala sikumwonea kijicho. Kilichonichoma ni kwamba sista alijua yule mama ananiamini, akaitumia imani ile kama mtu anayechukua jembe la jirani bila kumwambia.

Baada ya mazishi nilipanda Mwika kutoa pole. Mtoto alikuwa amezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Nilimwamkia bibi yake shikamoo, akanipa kiti. Mama akatoka, akasimama mlangoni.

"Nesi, umefuata nini?"

"Sikujua, mama. Nakuapia."

"Nani alijua, basi?"

Mumewe alikuwa nyuma yake. Tukatazamana. Macho yake yaliniomba, kisha akayageuzia kwenye kahawa zake. Neno langu moja lingetosha. Lakini nikawaza kwamba mimi nitashuka mjini, wao watabaki katika nyumba ile, wawili tu na bibi.

"Pole sana, mama," nikasema.

Akaingia ndani na kufunga mlango.

Mume alinisindikiza hadi barabarani, akanishikisha mfuko wa ndizi. Nilimrudishia. Wiki ile ile nikaomba kuhamishwa wodi.