Zahabu ya Maji ya Katwe

Mume wangu hajawahi kuiona bahari. Ameendesha malori miaka mingi, lakini mwisho wake ulikuwa Kampala. Hata hivyo, siku redio iliposema kwamba maji ya bahari yana zahabu iliyoyeyuka ndani yake, na kwamba chini kabisa kuna mawe yenye madini ya kobalti kama ile iliyokuwa ikisafishwa Kasese, alizungumza kana kwamba amezaliwa ufukweni.

"Mama, bahari yote iko na zahabu ndani!"

"Weye uliona bahari wapi?"

"Bahari iko chumvi. Katwe iko chumvi. Sasa itakosa namna gani?"

Habari ya mawe aliiacha, maana hata kuogelea hajui. Ya maji akaing'ang'ania. Kesho yake akarudi nyumbani Bwera na jerikeni mbili za maji ya ziwa la Katwe, akayamimina katika sufuria yangu ya maharage, ile kubwa niliyokuja nayo kutoka Butembo nilipoolewa. Nilikasirika, lakini nikamwachia sufuria. Neno zahabu lilinikaa vibaya.

Miaka miwili nyuma, nikiosha samaki wa kuuza pale Kasenyi, pete yangu ya ndoa ya zahabu ilichomoka kidoleni ikazama ziwani. Pete ile padri aliibariki kwa mkono wake. Nyumbani nilisema vidole vimevimba, pete iko sandukuni. Tangu hapo, tukikaa kula, mkono wa kushoto naufunika kwa kitenge.

Alichemsha siku tatu. Makaa yangu yakaisha, majirani wakaja kuchungulia, naye akikoroga na kupuliza kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye kazi za nyumbani. Siku ya tatu maji yalikauka. Ilibaki chumvi ya kijivujivu, na sufuria imeliwa chini, imetoboka.

Hapo nikalipuka. "Umenimalizia sufuria! Zahabu iko ya nini, mutu muzima kama weye?"

Aliendelea kukwangua chumvi kwa kijiko, haniangalii. "Ya kukutengenezea pete ingine. Ile ya Kasenyi haiwezi kurudia."

Kumbe alijua! Wenzangu wauza samaki walimwambia wiki ileile, na miaka miwili yote aliniacha nijifunike. Niliona aibu, kisha nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Jioni niliazima sufuria kwa jirani, nikapika maharage, nikayatia ile chumvi yake. Ilikuwa chungu. Tulikula yote, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya meza.