Niliiba Benchi ya Ofisi na Sitairudisha

Benchi ya ofisi yetu iliibwa siku ya Jumapili.

Jumatatu asubuhi polisi wawili wakaja. Mmoja aliandika, mwingine alikunywa chai. Chai hiyo niliipika mimi.

"Ni mwizi gani anabeba benchi na kuacha kompyuta?" akauliza yule wa kunywa.

"Mwenye akili timamu," nikamjibu.

Akacheka sana. Hakujua anacheka na mwizi.

Ndiyo, ni mimi. Sikuwa peke yangu, lakini huyo mwingine nitamtaja nikifika kwake. Kama umekuja kunihubiria, pita tu. Kama una dakika kumi, kaa.

Naitwa Zack Ratemo. Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliachia darasa la saba, nikaenda kuchuma chai ya watu. Miaka kumi na tisa sasa mimi ni tarishi katika ofisi ya wahasibu hapa Kaplong, juu ya duka la mabati. Nafagia, napika chai, nabeba faili, napeleka barua.

Mwenye ofisi ni Mzee Seth Oyugi. Mhasibu kamili, nisimwonee. Akikufungia vitabu vya mwaka, mkaguzi atatafuta kosa mpaka achoke.

Shida yake ilikuwa moja. Alipenda watu wamngoje.

"Ratemo," aliniambia mara nyingi, na aliwaambia wateja pia, "mtu akingoja ndiyo anajua kazi ni kubwa. Daktari anangojwa. Hakimu anangojwa. Kwani mimi ni nani?"

Ndiyo maana aliweka benchi mlangoni. Ya mbao ya saiprasi, watu sita wakibanana. Unafika saa mbili asubuhi, unaitwa saa saba. Ukiitwa, unaambiwa kuna karatasi moja imekosekana, rudi wiki ijayo.

Hakupendelea mtu, hilo nakubali. Alikuwa hata anajisifu. "Wilkista wangu wa nyumbani ana kuku mia nne, na hesabu zake ziko kwenye foleni kama za wengine. Zamu yake itafika."

Kompyuta tulikuwa nayo. Ilivalishwa kitambaa cha kufuma, juu yake kukawekwa maua ya plastiki. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za kuwaambia watu warudi wiki ijayo.

Eucabeth, msaidizi wa Mzee, alikuwa na laptopu yake mwenyewe yenye programu ya kazi hii. Mara mbili alimwomba tuanze kuitumia. Mara mbili Mzee akamwambia, "Watu wa hapa hawataki mashine. Wanataka kuniona mimi."

Nani aliwauliza? Mimi ndiye niliyekuwa nikishinda na watu wa benchi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kumwona. Walitaka kwenda nyumbani.

Sasa sikiliza.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa pili, mama mmoja wa Chepilat, Janefer Bonareri, aliketi pale tangu saa mbili. Ana duka la dawa za mifugo na shamba la chai. Alikuwa amechuma tangu alfajiri, na magunia mawili ya majani yalikuwa nyumbani yakingoja lori la kiwanda, ambalo hufika saa nane.

Kila nusu saa ananiuliza, "Baba Joan, bado?"

"Bado kidogo, mama."

Aliitwa saa tisa. Lori halikumngoja.

Ijumaa asubuhi nikasikia miguu mizito kwenye ngazi. Janefer, na gunia mgongoni. Hakusalimia mtu. Alifungua gunia akamwaga majani yote juu ya benchi. Yalikuwa yamelala na joto usiku kucha, yamegeuka mekundu, yananuka uchachu.

"Haya!" akasema. "Benchi yenu imekunywa chai yangu. Sasa ilipe karo ya watoto wangu."

Mzee Oyugi akatoka, kalamu iko sikioni. "Mama, hii ni ofisi."

"Ofisi gani? Mimi hapa nimechosha matako mpaka nimesahau nilikuja kufanya nini!"

Watu watano waliokuwa wamesimama wakacheka. Kisha wakatazamana. Watatu wakashuka naye.

Nilimfuata chini nimrudishie gunia. Alikuwa anavuka barabara kwenda kwa Phelix, kijana wa saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, ambaye anakujazia fomu za kodi ukiwa umesimama.

"Mama Janefer, usiende huko. Huyo kijana anaandika sufuri kila mahali. Siku ya ukaguzi utalia."

"Najua."

"Unajua na unaenda?"

"Baba Joan, yule hanihesabii vizuri. Lakini hanikalishi."

Akaniacha barabarani na gunia tupu.

Niliporudi juu, Mzee alikuwa dirishani. "Fagia vizuri, Ratemo. Hiyo harufu isiingie kwenye faili."

Nilifagia. Lakini ukiona mwanaume amefagia majani ya mtu yaliyooza na akanyamaza, huyo ameshakata shauri.

Nilikuwa na la kuogopa, sikudanganyi. Joan wangu yuko chuoni Kericho, mwaka wa pili. Mshahara wa tarishi ndio unamweka pale. Lakini wateja walikuwa wanaisha. Nikinyamaza, ofisi inafungwa na mimi nafutwa. Nikisema, mimi nafutwa. Basi kama ni kufutwa, nifutwe nikiwa nimefanya kitu.

Jumapili nilichukua funguo zangu za kufagilia. Mtu mwenye pikapu akanisaidia kushusha benchi. Tukaifunika turubai, tukaenda Chepilat.

Wengi mnadhani niliichoma. Nichome mbao nzuri hivyo? Niliipeleka kwenye kituo cha kupimia majani.

Kama hujakaa huku kwetu, nikueleze. Siku za kuchuma, wakulima wanafika kituoni na magunia kutoka saa sita. Lori linaweza kuja saa nane, linaweza kuja saa kumi. Hapo katikati hawana kazi isipokuwa kusengenya. Kila mtu huku ana majani. Mwenye duka ana majani. Mwalimu ana majani. Pasta ana majani.

Hawa watu walikuwa wanangoja tayari! Kwa nini tuwangojeshe mara mbili? Digrii ya Mzee haikuona hilo. Nililiona mimi wa darasa la saba.

Nyamwange, karani wa mizani, hakuleta maneno. "Weka hapo ukutani. Watu wamechoka kukalia magunia."

Jumatatu polisi walipoondoka, nikamfuata Eucabeth jikoni nikamweleza yote.

"Baba Joan, wewe ni mgonjwa?"

"Jumatano saa saba. Beba laptopu."

"Tutafutwa wote wawili!"

"Wewe una diploma, utapata kwingine. Mimi ndiye wa kuogopa, na siogopi. Unakuja ama huji?"

Akanitazama. Akaanza kucheka.

Basi kuanzia siku hiyo, kila Jumatano mimi nilikuwa na barua za kupeleka mbali. Eucabeth alikuwa na daktari wa meno. Meno yake yaliumwa Jumatano nane mfululizo.

Mkulima anakuja na risiti zake kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Eucabeth anazipiga picha moja moja, zinaingia kwenye laptopu, kila mtu na faili yake. Karatasi zinarudi mkebeni hapo hapo. Baadaye mtu anapata meseji.

Meseji ya kwanza aliandika Eucabeth: "Mteja mpendwa, nyaraka zako zimepokelewa na zinashughulikiwa ipasavyo."

"Toa hiyo takataka," nikamwambia.

Nikaandika yangu, ya Janefer, aliyetangulia wote kuleta mkebe: "Mama Janefer, risiti kumi na nne zimefika. Usije ofisini. Tutakuita."

Wewe, hiyo "usije" ilitembea Chepilat yote. Watu walionyeshana simu. Janefer mwenyewe alikuja wiki ya pili, akaniuliza, "Kweli nisije?" kama mtu aliyeachiliwa na mahakama.

Haikuwa rahisi, msidhani. Eucabeth alikuwa amempa kila mteja namba mpya ya kumtafutia kwenye laptopu. Wote walisahau. Tukajaribu namba ya kodi. Nani huku anajua namba yake ya kodi kichwani?

Nikamwambia, "Waulize namba ya chai."

Namba anayopimiwa majani kituoni. Hiyo mkulima wa huku ukimwamsha usingizini anakutajia kabla hajajua wewe ni nani. Kazi ikaanza kukimbia.

Halafu tukagonga ukuta. Ndugu watatu wa nyumba ya Ogari, mmoja wao kinyozi, wanapima kwa namba moja, ya marehemu baba yao, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuigawa. Huku hiyo ni kawaida. Tukawaweka kwenye faili moja bila kujua.

"Ona sasa!" Eucabeth akanifokea. "Kinyozi amenunua mbolea magunia kumi! Ananyoa mahindi?"

Kosa lilikuwa langu, nikalikubali. Tukaongeza jina la mtu mwenyewe mbele ya namba ya chai, tukatenganisha risiti upya jioni nzima. Tukaendelea.

Vitabu vilivyokamilika Eucabeth aliviweka mezani kwa Mzee. Mzee alivipitia mstari kwa mstari, akarudisha vyenye kasoro, vingine akatia sahihi. Miezi miwili hiyo alisahihisha na kutia sahihi vingi kuliko mwaka mzima uliopita. Hakujiuliza vinatoka wapi. Alikuwa anatazama mlango.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mwisho wa mwezi wa nne akaniita. Mezani kulikuwa na bahasha.

"Ratemo, umeona mwenyewe. Tangu benchi iibwe, wateja wamekwisha. Siwezi kulipa tarishi wa ofisi tupu. Weka sahihi hapo chini."

Nikaisoma barua polepole, maana Kiingereza chake ni kirefu. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni.

"Sahihi siweki."

"Nini?"

"Umenisikia, Mzee. Siweki."

"Unabishana na mimi? Wewe wa darasa la saba?"

"La saba hilo hilo. Kesho ni Jumatano. Saa saba utakuja na mimi Chepilat. Ukishaona, nifute mara mbili ukitaka."

Nilidhani atanirushia kikombe. Badala yake akavua miwani. "Chepilat kuna nini?"

"Kuna benchi yako."

Kesho yake alikuja na gari lake, shingoni tai, uso umekaza kama anaenda kutoa ushahidi.

Kituo kilikuwa kimejaa. Magunia yamepangwa, Nyamwange yuko kwenye mizani, Eucabeth yuko kwenye meza ya kukunja na laptopu. Alipomwona Mzee, simu ikamponyoka.

Na pale ukutani, benchi ya saiprasi. Watu watano wameketi, mikebe magotini.

Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Wilkista. Mke wa Mzee Oyugi.

Mzee alisimama kama mti.

"Wilkista, unafanya nini hapa?"

"Nangoja."

"Unangoja lori? Sisi hatuna majani."

"Basi nangoja mhasibu."

Janefer alikuwa kando yake. "Mama, si mhasibu unaye kwako nyumbani?"

"Wa nyumbani ana foleni," Wilkista akasema.

Kituo chote kikaangua kicheko. Nyamwange alishika mizani asianguke.

"Miezi minne, Seth," Wilkista akaendelea, na sasa hakuwa anacheka. "Kila jioni nakuuliza hesabu za kuku wangu, unaniambia zamu yangu itafika. Benki imetaka vitabu ndiyo inipe mkopo wa banda la pili. Huyu msichana amevimaliza kwa Jumatano tatu. Wewe umetia sahihi juzi, na hukuona ni jina la mke wako."

Ukweli ni kwamba Eucabeth alikuwa ameandika jina la Wilkista la usichana. Lakini hapo haikuwa mahali pangu pa kusema.

Mzee akanigeukia. "Na wewe Ratemo. Mwizi. Ulibebaje benchi kutoka Kaplong mpaka hapa?"

Nilitazama tu kule kulikoegeshwa pikapu nyeupe ya mayai. Naye akaitazama. Anaijua sana, maana alimnunulia Wilkista mwenyewe.

"Usimtazame Ratemo," Wilkista akasema. "Yeye alishika upande mmoja. Ule mwingine nilishika mimi."

Hapakuwa na mahali pa kuketi isipokuwa nafasi moja, kati ya Wilkista na Janefer. Mzee akaketi. Akafungua mdomo kumwita Eucabeth.

Janefer akamgusa goti. "Ngoja, Mzee. Mtu akingoja ndiyo anajua kazi ni kubwa."

Alingoja. Saa mbili nzima, mpaka lori likaja. Aliwaona watu wakihudumiwa mmoja mmoja, wakipima majani yao, wakienda zao. Hakuna aliyekosa lori.

Aliposimama, alijishika kiuno.

"Hii benchi ni ngumu," akasema.

"Tunajua," wakajibu watu watatu pamoja.

"Eucabeth, Jumatano ijayo nitakuja na muhuri, tumalize hapa hapa. Ratemo, rudisha benchi ofisini."

"Sirudishi, Mzee."

"Sasa wateja watakalia nini?"

"Wasije."

Mzee akatikisa kichwa. Halafu akanyoosha mkono. "Basi nipe ile barua niichane."

"Hiyo pia sikupi. Ni yangu."

Ilibidi arudi kituo cha polisi kufuta kesi. Yule wa kunywa chai alimuuliza mshukiwa ni nani, Mzee akasema ni mke wake. Sijui waliandika nini.

Wewe mwenye ofisi unayesoma hapa, mashine unaweza kununua kesho. Lakini kabla hujanunua, nenda ukakae mahali unapowakalisha watu wako, saa zile zile unazowakalisha. Ukishindwa kwenda, muulize anayekupikia chai. Yeye anajua. Na wewe unayepika chai, usingoje kuulizwa.

Kuhusu barua yangu ya kufutwa kazi: benchi ile mguu mmoja ni mfupi. Niliikunja barua mara nne nikaiweka chini yake.

Haiyumbi tena.