Usaili na Mchi wa Latifa

Kama chuki ingekuwa mboga, nyumba ya Zuberi pale Mikindani isingelala njaa. Nuru, dada yake, alirudi humo baada ya kupewa talaka, na Latifa, mke wa Zuberi, hakuwahi kumficha kwamba hamtaki. "Mgeni siku mbili, wifi, ya tatu mpe jembe," alimwimbia kila asubuhi, ilhali jembe lenyewe, ufagio na ndoo vyote vilikuwa mikononi mwa Nuru. Basi kampuni moja ya dawa za mikorosho ilipomwita kwenye usaili wa simu, Nuru, aliyewahi kuwa karani wa ghala la korosho, alijiapiza: nikiipata kazi hii, napanga chumba Chikongola, na Latifa nitamwona misibani tu. Kazi ilikuwa kupokea simu za wakulima, akiwa nyumbani, na kuwaelekeza namna ya kupulizia.

Tatizo ni nyumba. Ni ya mawe, ya zamani, na kwenye kuta zile nene mtandao hauingii. Unapatikana uani tu. Latifa alilijua hilo, na saa ya usaili aliijua pia, maana Zuberi hana siri kwa mkewe. Simu ilipoita, akaburuta kinu hadi katikati ya ua akaanza kutwanga kisamvu. Kisamvu cha jana kilikuwa bado kimejaa sufuriani! Roho mbaya haina dawa.

Nuru akakimbilia chumbani. Huko mchi haukusikika sana, na msaili naye hakusikika. Bi Faraja, mtu mzima kwa sauti yake, alikuja vipandevipande: "...ghalani... kabla... kwa sababu..." Mwingine angesema sijasikia. Lakini Nuru alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yule mkubwa akisema unaitika. Kumtaka arudie ni dharau, na kofi halikuwa mbali. Basi akawa anaitika. "Naam, mama." Vikaja vipande vingine. "Naam, mama."

Ghafla sauti ikanyooka. "Bibie, una akili timamu? Nimekuuliza kama ulifukuzwa ghalani kwa wizi, umesema naam. Nikakuuliza kama utaiba na kwetu, ukasema naam."

Uso ulimwaka Nuru. Alitoka mbio hadi uani, simu sikioni. "Sijaiba mimi! Nilikuwa sisikii, mama. Niliogopa kukwambia urudie."

"Na mkulima akikuuliza apulizie dawa gani, husikii, utamwitikia? Aiunguze mikorosho yake kwa ajili ya adabu zako?"

Kuuliza si ujinga, kila mtoto anaambiwa, kisha akiuliza anafinywa. Sauti ya Bi Faraja ilivuma hadi nje ya simu. Latifa akaona raha, mchi ukashuka kwa nguvu zaidi. Nuru akaudaka kwa mkono mmoja, akaubana.

"Achia mchi wangu, mwanamke usiye na haya!"

"Siachii!"

"Unanifokea mimi?" simu ikauliza.

"Si wewe, mama. Endelea."

Kikafuata kimya. Wanawake wawili wakavutana, hakuna aliyeachia. Naam ilikuwa imeshamfika Nuru kwenye ncha ya ulimi, akaimeza.

"Sijasikia, mama. Rudia."

Kimya tena.

"Sijasikia! Rudia!"

"Safari hii sikusema kitu," alisema Bi Faraja, bila ukarimu wowote. "Nilitaka nione kama utaitika. Jumatatu unaanza majaribio, mshahara ukifaulu. Ukiitikia usichokisikia hata mara moja, nakufukuza siku hiyohiyo. Utafanyia wapi kazi?"

Chumba cha Chikongola hakipangwi kwa majaribio. Nuru aliutazama ule ua, kisha akamtazama Latifa, aliyekuwa bado amening'inia upande wa pili wa mchi, jasho likimtiririka, na kila neno amelisikia.

"Hapahapa uani kwa kaka yangu, mama," alisema, akimkazia macho wifi yake. "Kutwa nzima."