Fundi wa Boti Anapohesabiwa

Fundi wetu wa boti hapa Kalemie hugonga ubao kwa kidole, husikiliza, kisha hushindilia pamba yenye mawese kwa dole gumba lisilo na ukucha. Boti aliyoiziba haivuji; hilo nalisema bila kuogopa. Huongea chini chini, kana kwamba kuna watu wamelala karibu. Jana tulikuwa tumesimama ufukweni, mwenye boti akapaza sauti mbele ya abiria: "Tunahesabu watu!" Fundi akachuchumaa palepale, mikono kichwani.

Abiria wakacheka. Mama Éliane, muuza samaki wadogo wa ndagala, akamuuliza ana nini: "Papa Fundi, njo nini tena?"

"Njo magoti, Mama. Uzee."

Mimi niliitambua ile shingo. Niliitazama mbele yangu mstarini kila asubuhi gerezani, mpaka siku mwenye shingo hiyo, muuaji wa kifungo cha maisha, alipotoboa ukuta akatoroka. Sisi tuliobaki tulihesabiwa mara tano kwa siku, tumechuchumaa, kwa sababu yake. Mimi nilimaliza miaka yangu, nikatoka kwa mlango. Fundi akageuka kunitazama. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake, mikono kichwani.