Picha Isiyotulia ya Fundi Tuliza

Haya msomaji, pokea kitendawili, ukae nacho kidogo: nimemweka hapa, nikamweka tena papo hapo, lakini nikichungulia katikati nakuta ametembea. Ni nani huyo?

Usiende kumtafuta mbali. Yuko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, kwenye chumba chenye dirisha moja na feni inayolalamika. Amevaa suti ya kijivu, anatabasamu nusu, na amekufa tangu Jumapili. Ni picha ya dereva wa lori.

Ni saa nne asubuhi. Fundi wa kuhariri video anabonyeza kitufe, na kwenye kioo cha kompyuta marehemu anasimama katikati kama ilivyoagizwa. Chini yake majina ya watoto wake sita yanaanza kupita. Jina la pili halijaisha, marehemu anaanza kuondoka. Pole pole, kama mtu anayetoka kikaoni bila kuaga. Akikaribia ukingo wa kioo anarudishwa katikati kwa ghafla, utadhani kashikwa shati.

"Si mnamwona?" anasema mjane wake, aliyekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. "Hata kwenye picha!"

"Mama, hilo ni jambo dogo," anasema fundi.

"Dogo kwako. Mimi nimeishi naye miaka thelathini na moja, sijawahi kumpata amekaa dakika nzima. Lori, lori, lori. Nimekuomba dakika moja tu atulie, watu wamwangalie mume wangu. Nayo imeshindikana?"

"Haijashindikana. Nipe mpaka saa tisa."

"Kesho asubuhi tunazika, mwanangu."

"Saa tisa utamkuta amekaa kitako."

Mjane anacheka, kicheko cha kukausha machozi. "Akikaa kitako huyo, basi si yeye," anasema, na kushuka ngazi akishikilia ukuta.

Fundi huyu ana miaka arobaini na sita na karibu kila mtu mtaani anamwita Tuliza. Jina hilo hakujipa. Alipewa na wapiga picha wa harusi, waliokuwa wakimpelekea video zao zilizowashinda: maua yanayoruka nje ya kioo, majina ya maharusi yanayozunguka kama nzi, picha za utotoni zinazokataa kusimama. Tuliza alizituliza.

Kazi yenyewe anaieleza bila makuu. Ukitaka picha itembee kwenye video, unaiwekea alama ya kuanzia na alama ya kufikia. Programu yenyewe inachora njia kati ya alama hizo mbili, na picha inaifuata. Ukitaka isimame, unaweka alama mbili mahali pale pale.

"Hapo ndipo vijana wanapolia," anasema. "Umeweka alama mbili, sehemu moja, lakini programu imekwisha kuipinda njia. Picha inatoka, inazunguka, inarudi. Dawa yake ni kuinyoosha njia, kuiambia picha: shika hapo, usisogee."

Kwa miaka kumi na moja ametibu ugonjwa huo hata anaujua kwa harufu. Zamani alipata kazi saba mpaka nane kwa wiki. Siku hizi ni mbili, na kuna wiki feni inazunguka bure. Yeye huwaambia watu kwamba ni simu, kwamba kila mtu anahariri mwenyewe akiwa kitandani. Kuna ukweli humo. Lakini kuna pia video ya mahafali iliyotoka kwake ikiwa na jina la mkuu wa shule limening'inia nusu nje ya kioo, upande wa kushoto, na video ya harusi ambayo mama mkwe alipita mara mbili. Wateja hao hawakugombana naye. Hawakurudi tu.

Hatua tatu kutoka kwenye meza yake, mkewe anashona sare za shule. Waliunganisha kazi zao katika chumba hiki mwaka wa saba wa ndoa, kodi ilipopanda: cherehani karibu na dirisha, kompyuta karibu na ukuta. Siku nzima chumba kina sauti mbili, cherehani na kipanya, na maneno machache ya watu waliozoeana.

"Baba watoto, hiyo lori bado haijaegeshwa?"

"Inatafuta maegesho."

"Mwambie dereva arudi nyuma."

"Dereva hasikii, ana udhuru."

Mkewe anacheka, kisha anajuta kucheka, kisha anainua macho kukitazama kioo. Chini ya picha upo mstari mrefu wa muda, na juu ya mstari ule alama zimekaa, vijipande vya pembe nne vilivyosimama kwa ncha. Yeye hajui kuhariri hata sekunde moja. Ila kuhesabu vifungo ndiyo kazi yake, na akiwa amekaa pale kwenye cherehani anahesabu: moja kushoto, mbili kulia, hizo mbili zimekaribiana mno kama vifungo vilivyoshonwa na mwanafunzi. Tatu.

"Wewe," anaita. "Hapo kwenye mstari unaona alama ngapi?"

Cherehani imenyamaza. Kipanya nacho kimenyamaza.

"Umeanza lini kufanya kazi ya ukaguzi?" anajibu Tuliza. "Hesabu vifungo vyako, mama."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Hajajibu, na wote wawili wanajua. Mkewe anakanyaga cherehani.

Ili kujua kwa nini mtu mzima akimbie swali la kuhesabu, inabidi kurudi miezi kumi na minne nyuma. Tuliza aligonga bega kwenye fremu ya mlango, mlango wake mwenyewe, mara tatu katika wiki moja. Akaangusha kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto. Akavuka barabara na baiskeli ikamkosa kwa unywele, mwenye baiskeli akamtukana mpaka bibi yake. Akaenda hospitali peke yake, nyumbani akaaga kwamba anakwenda kununua waya.

Daktari wa macho alimwekea kidevu kwenye chombo, akamwambia abonyeze kila akiona kimulimuli. Tuliza alibonyeza, akaona amefanya vizuri sana. Karatasi ilipotoka ilikuwa na madoa meusi.

"Akaniambia ni presha ya macho," anasimulia kwa sauti ya chini, cherehani ikiimeza mkewe asiisikie. "Akasema nina tundu, kushoto kidogo ya pale ninapotazama. Jicho la kushoto tundu ni kubwa, la kulia limeanza kulifuata. Nikamwambia, daktari, mbona sioni giza? Akasema hutaliona, kwa sababu akili inaliziba lile tundu kwa rangi ya jirani. Kama kuna ukuta, inapiga ukuta. Kama kuna mstari, inaunganisha mstari."

Kilichokwisha potea hakirudi, aliambiwa. Matone ya dawa, asubuhi na jioni bila kukosa, yanaweza kukilinda kilichobaki. Chupa ni ndogo kama kidole gumba na inameza mapato ya siku nne. Alitumia chupa sita, akazificha kwenye droo ya nyaya, chini ya chaja zilizokufa. Ya saba hakuinunua. Ni miezi minne sasa.

Nyumbani alisema ni vumbi. Nani angebisha? Huyu ndiye mwanamume ambaye mpaka leo humtungia mkewe uzi kwenye sindano, mara moja, bila kulamba uzi wala kukodoa. Jirani zake huja na sindano zao. Macho yanayoona tundu la sindano, yaumwe nini?

Saa saba mchana Tuliza ameshainyoosha njia. Amezima kompyuta, amewasha. Ameilaumu programu, ameulaumu umeme, ameilaumu flashi aliyoleta mtoto wa marehemu. Anabonyeza kitufe, na dereva wa lori anaondoka tena, pole pole, majina ya watoto wake yakipita chini, kisha anashtuka na kurudi.

Kinachomuuma ni mshtuko ule. Njia iliyopinda huirudisha picha taratibu. Picha inayorudi kwa kushtuka ina ugonjwa mwingine, na Tuliza amewafundisha vijana wengi dalili zake: kuna alama ya ziada, imejificha karibu na ile ya mwisho. Mtu kaigusa picha kwa bahati mbaya, na programu ikiona umegusa inaweka alama bila kukuuliza. Aliyegusa ni nani? Picha hii haijapita mkononi mwa mtu mwingine.

Anaisogelea kompyuta mpaka pumzi yake inapiga kioo. Anaitazama alama ya mwisho. Kushoto yake mstari umenyooka, safi, hauna kitu. Kama lile alilosema daktari la ukuta.

"Ningeweza kufuta zote nianze upya," ananong'ona. "Dakika kumi. Ila nikaona, leo nitafuta. Kesho je? Nitafuta maisha yangu yote nisichokiona?"

Lipo jambo analoliwaza muda mrefu, na analisema kwa aibu kama mtu anayeomba maji nyumba ya ugeni. Kwenye programu kipo kitufe cha kuruka kutoka alama moja hadi nyingine. Ukikibonyeza, alama haina pa kujificha hata kama huioni, na sekunde zinaandikwa pembeni. Mtu angeweza kukaa karibu, akamsomea. Kazi ingekwenda polepole lakini ingekwenda, na chupa ya saba ingenunuliwa.

"Anahitajika mtu mwenye macho ya kuhesabu," anasema. "Na mtu huyo inabidi kwanza umwambie."

Saa nane na nusu, mkewe anakata uzi kwa meno, anainuka na kuja na sindano. Anamnyooshea, naye anaupitisha uzi kwa mkono mmoja, hajapepesa.

"Ahsante. Uzi unauona," anasema mkewe.

"Si nimekuzoeza."

"Na mlango je, unauona? Asubuhi umeugonga tena."

"Mlango ni mwembamba."

"Mlango ule ule nilioingilia na cherehani." Anavuta kigoda, anakaa upande wa kushoto wa mumewe, karibu kabisa. Tuliza hageuki, mpaka goti la mkewe linapomgusa ndipo anashtuka. Mkewe ameuona mshtuko huo. Anaweka sindano juu ya meza, ncha ikielekea ukutani.

"Jana nilikuwa natafuta chaja," anasema. "Kwenye droo nimekuta vichupa sita, vyote vikavu. Nikasema nisubiri, labda mwenyewe ataniambia. Nimesubiri chai, nimesubiri chakula cha mchana."

Tuliza anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anaivaa tena.

"Ulikuwa umeshona sare thelathini na mbili wiki ile daktari aliponiambia," anasema. "Mgongo ulikuwa unakuuma. Ningekuongezea nini?"

"Ungeniongezea ukweli. Huo nao mzigo?"

Huko chini mlango wa ngazi unafunguliwa. Ni nyayo nzito, za kupumzika kila hatua ya tatu. Mjane amewahi.

"Anapanda," anasema Tuliza.

"Mwache apande. Magoti yake yanatupa dakika mbili." Mkewe anaushika mkono wake, anauweka juu ya kipanya, anaufunika kwa wake. Kwenye kioo dereva wa lori amesimama katikati, anatabasamu nusu, tayari kwa safari. "Nakuuliza mara ya mwisho, baba watoto, na hapa hakuna mteja. Unaona alama ngapi?"

Anatazama mstari ule kwa muda mrefu, kushoto, kulia, kushoto tena. Nyayo zimefika kona ya ngazi, zimepumzika.

"Mbili," anasema Tuliza. "Naona mbili tu, mke wangu."